Kilo Thelathini na Nne

Kwanza nilitia mchanga.
Kila mtu hukwambia mchanga,
na mchanga Kisauni hununui, wauchota tu
pale penye nyumba inayojengwa na kuachwa, na kujengwa.
Siku ya tatu ulikuwa umeshuka wote chini,
umekaa kama mgeni asiyejua kuaga:
juu gunia tupu, chini jiwe.
Nikalipiga jiwe.
Wiki nzima nilikula wali kwa kijiko,
mama akinitazama, hasemi.

Kitsao, anayechomelea mageti, alicheka hadi akavua miwani.
"Mchanga ni wa kujengea, ndugu yangu.
Ndondi yataka vitambaa."
Akanikatia mnyororo, pingili kumi na moja,
na kulabu iliyowahi kubeba injini.

Turubai ni la lori lililofia Chaani.
Fundi viatu wa Mwembe Tayari alilishona mara mbili
kwa uzi uliopakwa nta,
akalipima kwa macho, akauliza,
"Hili lamzika nani?"

Bado vitambaa.
Vya fundi cherehani havikufika robo.
Mama alikuwa akipeta mchele, hakuinua uso:
"Kuna sanduku chini ya kitanda."

Miaka sita halikufunguliwa.
Suruali za kaki za bandarini, grisi kwenye goti la kulia.
Shati la mistari, lile la picha ya studio.
Vikoi vitatu. Koti la harusi.
Mwenyewe ana nyumba nyingine sasa, Likoni,
na watoto wenye pua yangu.

Nilidhani tutazisokomeza tu.
Mama akazitia kwenye karai, akazifua
kwa sabuni ya kipande, maji mara tatu, akazianika.
Majirani wakahesabu nguo za kiume kwenye kamba
na kabla ya alasiri mtaa mzima ulijua amerudi.
Bi Fauzia alileta sinia la vitumbua.
Mama akalipokea, akashukuru,
akafunga mlango.

"Mama, nguo zenyewe zaenda kupigwa."
"Na zipigwe zi safi.
Nguo chafu haitoki mikononi mwangu."

Akakata vifungo, kimoja kimoja, ndani ya kopo la maziwa.
Akang'oa zipu zisije zikanichana.
Tukashindilia kwa mchi, tabaka juu ya tabaka,
yeye ndiye akiamua nini kikae wapi:
vikoi chini, kaki tumboni.
Koti aliligeuza, akaligeuza tena,
akalinusa. Likanuka sabuni.
Akalitia mwenyewe.

Muuza makaa alituazima mizani.
Thelathini na nne.
Boriti ya uwani ililalamika mara moja
ikanyamaza.

Gunia geni halitulii. Ukilipiga lakimbia,
ukigeuka lakufuata.
Lataka mtu wa kulishika.
Mama alifunga leso kiunoni
akasimama upande wa pili, bega kwenye turubai, na shavu.
"Haya. Piga."
Nikapiga kama abishaye hodi.
"Kwani n'lifua bure?"

Basi nikapiga.
Kushoto, kulia, kushoto chini,
jasho likinichoma macho, mnyororo ukitafuna kulabu,
na kila ngumi ikipita kwenye koti, kwenye kaki,
ikitokea kwake: naona mtandio ukitikisika.
Hakusogea. Sikuuliza kama yaumiza.
Tuliendelea hadi adhana ya magharibi.

Akaliachia. Akapapasa pale palipobonyea,
akalisukuma kwa kidole kimoja.
Likaenda. Likarudi.

"Thelathini na nne," akasema.
"Na mimi miaka yote n'kidhani ni mzito."